Safari za Nguo ya Madoadoa

Msomaji, yamkini wewe nawe umepata kuvaa sare ya shule aliyoiacha kaka yako au dada yako. Mimi nilivaa. Siku yangu ya kwanza katika shule ya sekondari nilikuwa na sweta ya buluu iliyokwisha kufuliwa kwa miaka minne, na ndani ya ukosi wake mama alikuwa ameandika jina la kaka yangu kwa wino usiofutika. Mwalimu wa zamu aliugeuza ukosi ule, akalisoma jina, akafungua daftari lake, kisha akanidai kitabu cha maktaba ambacho kaka hakukirudisha. Nilijitetea kwa muda mrefu. Sweta ilinitia joto kama ilivyomtia kaka, lakini ilikuwa ikisema habari za mtu mwingine.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu nataka kukusimulia habari za sare za namna nyingine, yaani zile za madoadoa wavaazo askari ili wasionekane msituni au jangwani. Watu wengi hudhani kuwa sare ya namna hiyo huzaliwa na jeshi moja na kufa na jeshi hilo hilo. Sivyo. Vita vikiisha, maghala hubaki yamejaa, na nguo zilizomo hutoka moja moja au meli kwa meli, zikawafikia watu wa mataifa mengine, nao wakazivaa kwenda kupigana vita ambavyo mshonaji wake hakuviota.

Kabla ya kuanza safari yenyewe, zingatia neno moja. Sare ya madoadoa ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumficha askari asionwe na adui. Kazi ya pili ni kumtambulisha kwa wenziwe, wasije wakampiga risasi kwa kosa. Nguo ikihama kutoka jeshi moja hadi jingine, kazi ya kwanza huhama nayo bila taabu, maana jani ni jani na kivuli ni kivuli. Kazi ya pili ndiyo iletayo matata, na matata hayo hulipwa kwa roho za watu.

Wataliani ndio waliotangulia. Mwaka 1929 jeshi la Italia lilianza kutumia kitambaa kilichochapwa mabaka ya kijani, ya kahawia na ya rangi ya udongo wa manjano. Kilikuwa kitambaa cha hema. Askari mmoja alijitanda kipande chake mvua iponyesha, na askari kadhaa wakiunganisha vyao walipata hema ya kulala. Ilikuwa kazi ya upole kabisa. Hata ilipofika Septemba 1943, Italia ikasalimu amri kwa Waingereza na Wamarekani, na Wajerumani, waliokuwa rafiki zake hadi siku hiyo, wakayateka maghala yake. Humo wakakuta majora kwa majora ya kitambaa kile. Wakakishona makoti na suruali, wakawavika askari wengi wa divisheni ya 12 ya SS, iliyoitwa Vijana wa Hitler. Jina hilo halikuwa pambo. Wengi wa askari wake walikuwa wamezaliwa mwaka 1926, na walipopelekwa vitani huko Normandy, katika nchi ya Ufaransa, Juni 1944, walikuwa na umri wa miaka 17 au 18. Nakuomba uisome sentensi hiyo mara ya pili, wewe uliye kidato cha tatu au cha nne. Wengine wao walikufa wamevaa hema ya Mtaliani.

Katika mapigano hayo hayo ya Normandy Wamarekani nao walijaribu bahati yao. Baadhi ya askari wa divisheni yao ya pili ya vifaru walipewa sare za madoadoa zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya visiwa vya Pasifiki. Haukupita muda mrefu wakaonja uchungu wa jambo lile nililokueleza. Katika uwanja ule mtu mwenye madoadoa alijulikana kuwa ni Mjerumani wa SS, wala askari aliyejilaza nyuma ya ua wa miti hangoji kumwuliza mtu jina kabla ya kufyatua bunduki. Wamarekani wakawadhania wenzao kuwa adui. Nguo zile zikavuliwa upesi.

Nguo hizo za Wamarekani zina historia yake, nayo inastahili kusimuliwa kwa kituo. Mnamo Julai 1942 Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuwa akipigana na Wajapani katika Pasifiki, alituma ombi la haraka la sare 150,000 za kuvaa msituni. Mchoro uliotumika ulitokana na kazi ya Norvell Gillespie, ambaye hakuwa jemadari bali bingwa wa bustani, mtu wa kuandika magazetini juu ya maua na miche. Nadhani halikuwa chaguo baya. Nani ajuaye majani kumshinda mtunza bustani? Kitambaa kilichapwa pande zote mbili. Upande mmoja ulikuwa wa kijani, kwa ajili ya msitu, na upande wa pili ulikuwa wa kahawia, kwa ajili ya mchanga wa pwani, na askari aliweza kuigeuza nguo ndani nje kwa kadiri ya mahali alipo. Wavaaji wakaiita ngozi ya chura.

Mwanzoni nguo hiyo ilishonwa kama ovaroli, kipande kimoja kutoka shingoni hadi miguuni. Aliyeikata bila shaka hakupata kuumwa na tumbo porini. Askari aliyeshikwa na haja alilazimika kuutua mzigo wake wote na kuivua karibu nguo nzima, huku mbu wakimngoja na pengine Mjapani naye akimngoja. Tena ilikuwa nzito, na ikilowa maji uzito ukazidi. Baadaye ikagawanywa, ikawa shati na suruali. Walakini kasoro moja haikuponyeka kwa sindano na uzi. Mabaka humficha mtu aliyetulia, lakini akianza kwenda, mabaka yanayotembea huvuta jicho kuliko nguo ya rangi moja. Kwa sababu hiyo jeshi la nchi kavu la Marekani likarudia nguo za kijani kitupu, na waliozidi kuyavaa madoadoa ni Marines, yaani askari wa kushambulia kutoka baharini.

Vita vilikoma Agosti 1945, mapema kuliko walivyotazamia wakubwa wa Marekani, maana walikuwa wakijitayarisha kuivamia Japani yenyewe. Viwanda vilikuwa vimeshona kwa ajili ya vita ambavyo sasa havikuwapo. Bunge lao lilikuwa limekwisha kutunga sheria mwaka 1944 ya kuuza mali ya jeshi iliyozidi, na basi buti, turubai, magari na nguo zikamiminika sokoni. Wawindaji wa Marekani walizipenda sana ngozi za chura, wakazivaa kwenda kuotea bata ziwani, hata mchoro ule ukapata jina la pili, mwinda bata. Nyingine hazikwenda kwa bata. Zilipewa rafiki.

Rafiki mmojawapo alikuwa Ufaransa. Taifa hilo lilikuwa limekaliwa na Wajerumani kuanzia 1940 hadi 1944, na viwanda vyake vilikuwa hoi. Hata hivyo lilikata shauri kurudi kutawala Indochina, yaani Vietnam, Laos na Kambodia. Kuanzia 1946 askari wake wa miavuli walishuka katika misitu ile wakiwa wamevaa masalio ya wengine. Huyu alivaa ngozi ya chura ya Marekani, yule alivaa nguo ya Kiingereza iliyotengenezwa kukinga upepo wa baridi wa Ulaya. Nguo hii ya pili ilikuwa ya pamba nyembamba yenye michirizi mipana kama iliyopakwa kwa brashi, na Wafaransa, watu wa kupenda chakula, waliiita ngozi ya soseji. Fikiri, msomaji: mtu anapigana katika joto la Tonkin akiwa na nguo iliyokusudiwa upepo wa kaskazini!

Wapinzani wao, Viet Minh, hawakuwa na ghala la madoadoa. Walifuma wavu juu ya kofia na mgongoni, wakachomeka majani mabichi ya mahali pale pale walipo, na yakinyauka wakachuma mengine. Vita hivyo vilikwisha kwa kushindwa Wafaransa katika bonde la Dien Bien Phu, tarehe 7 Mei 1954. Mwalimu hafai kuwa na upande katika habari za nguo, lakini mimi nawapa tuzo watu wa majani.

Wakati huo Wafaransa walikuwa wameanza kuchapa kitambaa chao wenyewe. Hawakuanza na karatasi tupu. Waliichukua ile michirizi ya brashi ya Waingereza, wakailaza kwa mapana ya mwili, kijani na kahawia juu ya kaki, na wakusanyaji wa sare huuita mchoro huo mjusi. Raia wa Ufaransa waliuita chui. Toka Indochina chui huyo alihamia Algeria, ambako vita vya uhuru vilianza Novemba 1954. Mwaka 1957 askari wa miavuli wa Jenerali Massu walipewa mamlaka juu ya mji wa Algiers, wakawakamata watu maelfu, na wengi wao waliteswa ili waseme. Hivyo nguo iliyobuniwa ili isionekane ikawa ndiyo nguo ionekanayo kuliko zote mjini. Ilipotokea mwisho wa kichochoro, mama aliwaita watoto ndani.

Wareno, waliokuwa wakitazama kwa makini, waliuiga mchoro huo, wakauchapa katika viwanda vyao na kuwavika askari wao katika vita vya Angola, Guinea na Msumbiji, hadi utawala wao ulipoanguka nyumbani Aprili 1974.

Turudi kwa chura wa Marekani, maana hakuwa amefika mwisho wa safari. Tarehe 17 Aprili 1961 watu wapatao 1,400, Wakuba waliokimbia utawala wa Fidel Castro, walitua katika Ghuba ya Nguruwe, pwani ya kusini ya Kuba. Walikuwa wamefundishwa huko Guatemala na wapelelezi wa Marekani, na wengi wao walivaa madoadoa ya mwinda bata. Serikali ya Marekani ilitaka mkono wake usionekane. Siku mbili kabla ya kutua, ndege za B-26, nazo masalio ya Vita vya Pili vya Dunia, zilikuwa zimepakwa rangi za jeshi la anga la Kuba ili ulimwengu udhani kuwa marubani wa Castro ndio walioasi. Kwa maoni yangu nguo nazo zilifaa hila hiyo. Nguo iliyokwisha kuuzwa kwa kila mwenye bunduki ya bata haimshtaki mtu. Lakini watu hawakudanganyika. Kabla siku ya tatu haijapita mapigano yalikuwa yamekwisha, na zaidi ya watu 1,100 walitekwa. Walikaa kifungoni hadi Desemba 1962, walipokombolewa kwa chakula na dawa. Kitambaa kilichobuniwa na bingwa wa bustani ili kuwaficha Wamarekani kwa Wajapani kilikuwa kimewafikisha Wakuba mbele ya Wakuba wenzao.

Sasa nitakuvusha hadi karibu na nyumbani, kwa kumfuata yule mjusi wa Kifaransa. Katika miaka ya 1950 Ufaransa ilikuwa ndiyo muuzaji mkubwa wa silaha kwa Israeli, na pamoja na ndege na vifaru zilifika pia sare za mjusi. Vita vya Algeria vilipokwisha mwaka 1962 Wafaransa wenyewe walianza kuyaacha madoadoa hayo, lakini Waisraeli waliendelea kuyavaa, na katika Vita vya Siku Sita vya Juni 1967 yalionekana miongoni mwa askari wao. Katika miaka hiyo hiyo Israeli ilikuwa na urafiki na Uganda. Waalimu wake wa kijeshi waliwafundisha askari wa Uganda, mpaka Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Ufaransa iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kupita Athens, ikapelekwa Entebbe, kando ya ziwa letu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai ndege za Israeli zikatua hapo gizani. Kutoka ndani ya ndege ya kwanza kulitoka gari jeusi la Mercedes, mfano wa gari la mkubwa wa Uganda, na magari ya Land Rover nyuma yake. Waliokaa ndani walikuwa wamevaa madoadoa yaliyofanana na ya askari wa Uganda. Hapa, msomaji, nguo imeipindua kazi yake. Kwenye lami ya uwanja wa ndege hapana jani wala kichaka. Madoadoa yale hayakuwekwa kumficha mtu asionekane, bali aonekane kuwa mtu mwingine.

Walinzi wawili wa Uganda walilisimamisha gari. Tujiulize waliona nini. Waliona gari walilolijua na nguo walizozijua, usiku wa manane, na muda wa kuamua ulikuwa mfupi kuliko muda wa kulisoma fungu hili. Walipigwa risasi. Mateka zaidi ya 100 waliokolewa usiku ule, na watatu walikufa katika mapigano. Kamanda wa kikosi kile, Yonatan Netanyahu, aliuawa, na askari wengi wa Uganda waliuawa pia. Mateka mmoja, bibi mzee Dora Bloch, aliyekuwa hospitalini Kampala, aliuawa baadaye. Ndege zile zilipita Nairobi kutia mafuta, na kwa kulipiza kisasi, Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa. Vitabu vingi husimulia ushujaa wa usiku ule, na ushujaa ulikuwapo. Mimi kila niisomapo habari hii huwarudia wale walinzi wawili.

Kanuni za vita zilizoandikwa The Hague mwaka 1907 zilikuwa zimekataza kuitumia isivyo halali sare ya adui, na mkataba ulioongezwa Geneva mwaka 1977 ulitamka waziwazi kuwa ni marufuku kuivaa wakati wa kushambulia. Sheria hizo zina maana nzuri, lakini hazikuweza kutazamia dunia ambamo pande zote mbili hununua nguo katika ghala moja.

Dunia hiyo imekuja. Mwaka 1991 askari wa Marekani walipokwenda kuyatoa majeshi ya Iraki katika nchi ya Kuwait, walivaa sare ya jangwani ya rangi sita, yenye vidoa vyeusi na vyeupe mfano wa kokoto, nayo ilipewa jina la vipande vya chokoleti. Baadaye Wamarekani wakaiacha, wakachukua nyingine. Mwaka 2003 waliivamia Iraki yenyewe, wakaliangusha jeshi lake, wakaunda jipya. Na jeshi hilo jipya likavikwa nini? Vipande vya chokoleti. Kijana wa Baghdad akalinda kizuizi barabarani akiwa na sare ile ile aliyoivaa mtu aliyempiga risasi baba yake au amu yake miaka 12 nyuma. Sijui kama mama yake alimwambia neno alipomwona.

Huko Ukraine, vita vilipoanza mashariki ya nchi mwaka 2014, jeshi lilikuwa na upungufu mkubwa wa nguo, na watu wa kujitolea wakakusanya walichokipata: masalio ya Uingereza, ya Ujerumani na ya nchi nyingine. Kikosi kimoja kiliweza kuwa na michoro minne. Urusi ilipoivamia nchi nzima Februari 2022, askari wa pande zote mbili walijifunga utepe wa rangi mikononi na miguuni. Waukraine walitumia wa manjano, wa buluu au wa kijani, nao Warusi walitumia mweupe au mwekundu. Baada ya miaka mia na zaidi ya kutafuta rangi isiyoonekana, askari amefunga juu yake rangi ionekanayo kutoka mbali, ili rafiki yake asimwue.

Kwetu Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi, na vijana kadhaa wamejikuta mbele ya askari polisi kwa sababu ya koti walilolinunua kwenye mitumba. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha waalimu alikuja darasani na koti la namna hiyo, la mabaka ya kijani na kahawia, zito na zuri, alilolipata chini ya rundo la nguo kwa bei ya sahani mbili za wali. Hakujua kosa lake. Nikamwambia alivue kabla hajapita langoni, naye akanipa nilitazame.

Lilikuwa limefuliwa mara nyingi. Nikageuza ukosi, kwa mazoea ya yule mwalimu wangu wa zamani, lakini kibandiko kilikuwa kimekatwa. Juu ya mfuko wa kulia, pale ambapo askari hushonewa jina lake, palikuwa na mstari wa matundu madogo ya sindano, umenyooka, wenye urefu wa kidole changu cha shahada, na kitambaa cha ndani ya mstari huo kilikuwa bado kibichi kwa rangi kuliko kingine chote.